Kumwandikisha Mtoto wa Shule ya Msingi Uskauti Mombasa: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yale yale kila muhula unapofunguliwa. Mzazi mmoja amenunua shati na skafu, mtoto amevaa akapigwa picha, kisha hakuna kikosi kilichompokea. Mwengine amekwenda moja kwa moja ofisini, akaambiwa arudi shuleni kwa mwanawe. Wa tatu alifaulu kuandikisha, lakini mtoto akaacha kwa sababu mkutano wa Jumamosi uligongana na madrasa. Wote watatu walianzia pasipo mwanzo.

Mtoto haingii uskauti kwa jumla. Anaingia kikosi fulani, chini ya mtu mzima fulani, mahali fulani, saa fulani. Ukishayajua hayo manne, karatasi na sare ni kazi ndogo. Usipoyajua, hakuna fomu itakayokusaidia. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinaacha ununuzi hadi karibu na mwisho.

Mwongozo huu ni wa watoto wa gredi ya 1 hadi ya 6.

## Vitu vya kuweka tayari

Tia vyote katika faili moja, uwe unaichukua kila uendapo.

- Nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Umri ndio unaoamua ngazi yake, na kwa maneno matupu watu hubishana.
- Nakala ya kitambulisho cha mzazi. Ikiwa mtoto anakaa kwa bibi au shangazi, ongeza barua fupi iliyotiwa sahihi na mzazi, inayosema mlezi huyo anaruhusiwa kumwandikisha na kumchukua.
- Picha mbili za pasipoti.
- Karatasi moja ya afya: maradhi, dawa, vitu vinavyomdhuru akila au vikimgusa, nambari yake ya SHA (bima ya afya ya serikali) kama mnayo, na nambari za simu za watu wawili ambao hushika simu kweli.
- Ratiba ya wiki nzima ya mtoto. Hatua ya 2 inaeleza jinsi ya kuiandika.
- Daftari dogo, penseli, kofia, chupa ya maji ya lita moja na viatu vya kufunga. Vya shule vinatosha.
- Kamba ya pamba au katani yenye unene wa kidole kidogo na urefu wa kama meta mbili. Inapatikana duka lolote la hadiwea.

Sare haimo kwenye orodha hii, na haikusahauliwa.

## Hatua ya 1: Pima umri, chagua mlango

Chama cha Maskauti Kenya kina ngazi nne: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Sungura ni wa miaka 6 hadi kama 11. Chipukizi wanaendelea hapo hadi takriban miaka 15. Mtoto wa gredi ya 1 hadi ya 5 kwa kawaida ni Sungura, na wa gredi ya 6 yuko mpakani. Kiongozi ndiye atakayesema kama aanze Sungura kwa muda mfupi au aingie Chipukizi moja kwa moja.

Hapa ndipo wazazi wengi huteleza. Wanauliza kama shule ina skauti, wanajibiwa ndiyo, wanarudi nyumbani wamefurahi. Kumbe kikosi kilichopo ni cha Chipukizi, na mtoto wao ana miaka 7. Uliza hivi: "Mna Sungura?" Neno hilo moja litakuokolea safari.

Wavulana na wasichana wote hupokewa uskauti. Mzazi anayetaka kundi la wasichana pekee aende kwa Girl Guides, ambao ngazi yao ya watoto wa shule ya msingi inaitwa Brownies. Shughuli zao zinafanana sana na za Sungura. Familia za Kiadventista nazo zina vilabu vya kanisa: Adventurers kwa watoto wa miaka 4 hadi 9, na Pathfinders kwa wa miaka 10 hadi 15.

Tuzo ya Rais (President's Award), mpango mwengine wa vijana ambao wazazi huuulizia sana, inaanzia miaka 14. Iache kwanza.

Na usichanganye mambo haya na kambi za likizo zinazouzwa na kampuni za matembezi. Zile zaweza kuwa nzuri, lakini mtoto ananunuliwa siku kadhaa za burudani, basi. Hakuna kikosi, hakuna wenzake wa kukua nao, wala hakuna beji za kuzifanyia kazi.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa pumzi moja: "Namtafutia Sungura, msichana, ana miaka 8."

## Hatua ya 2: Andika wiki ya mtoto kabla ya kutafuta kikosi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayowatoa watoto kikosini baadaye.

Chukua karatasi, chora siku saba. Jaza kwanza visivyosogea: shule, madrasa au ibada, tyusheni ikiwa ipo, siku za kwenda kwa bibi. Kwa mtoto wa Kiislamu hapa Mombasa, madrasa inaweza kuwa kila alasiri ya siku za shule, na tena asubuhi ya Jumamosi na Jumapili. Kwa mtoto wa Kikristo, Jumapili asubuhi imekwisha kushikwa, na kwa Waadventista Jumamosi yote. Baada ya hapo ndipo utazame nafasi iliyobaki.

Mara nyingi utaona tundu moja au mawili tu: saa ya vilabu shuleni baada ya masomo, au Jumamosi alasiri. Zungushia duara. Hayo ndiyo masaa unayoyatafutia kikosi. Usifanye kinyume chake, yaani kupata kikosi kizuri halafu kuanza kuomba ruhusa kwa ustadhi kila wiki. Ruhusa ya kwanza hutolewa kwa tabasamu, ya pili kwa kuguna. Ya tatu haipo.

Ikiwa hakuna nafasi kabisa, zungumza na pande zote mbili mapema. Madrasa nyingine hukubali mtoto ahamie darasa la wakati mwengine, na viongozi wengine wa skauti hupanga mkutano uanze baada ya madrasa kwa kuwa nusu ya watoto wao wako huko huko. Kiongozi anayeishi mtaani kwenu anayajua haya bila ya kuelezwa. Muulize pia Ramadhani wanafanyaje, maana vikosi vingi hupunguza mazoezi ya jua mwezi huo na kubakia na kazi za mikono na hadithi.

Ongeza safari kwenye hesabu. Mkutano wa saa moja na nusu ulio upande wa pili wa kivuko hula alasiri nzima. Mtoto wa Likoni asiandikishwe Tudor kwa sababu tu binamu yake yuko kule. Vivyo hivyo wa Mikindani na Nyali: kwenye ramani ni karibu, Ijumaa saa kumi na moja jioni ni habari nyengine.

Umefaulu ikiwa una nafasi moja ya kila wiki isiyogongana na kitu, na njia ya kwenda na kurudi kabla ya magharibi.

## Hatua ya 3: Tafuta kikosi, ukianzia karibu

Anza na shule ya mtoto mwenyewe. Muulize mwalimu anayesimamia vilabu. Asipojua, mwalimu mkuu. Kikosi cha shule kina faida ambayo hakuna kingine inayoishinda: mtoto tayari yuko ndani ya geti, na kiongozi anamjua kwa jina.

Shule isipokuwa na Sungura, uliza shule za jirani, kisha makanisa, misikiti na vituo vya jamii vya mtaani. Uskauti hauko shuleni peke yake. Kuna vikosi vya mtaa vinavyopokea watoto wa shule mbalimbali, na hivi ndivyo vinavyofaa mtoto ambaye shule yake haina.

Ofisi ya skauti ya kaunti iwe ya tatu, na uende na swali mahsusi. Mombasa ina kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Changamwe, Jomvu na Likoni. Sema yako ni ipi, mtoto ana miaka mingapi, na nafasi yake ni siku gani. Ukiuliza "nataka kumwandikisha mtoto skauti," jibu utakalopata ni lile lile: nenda shuleni kwake. Ukiuliza "vikosi gani vya Sungura vilivyosajiliwa Kisauni vinakutana Jumamosi alasiri?", umempa mtu kitu cha kukufungulia daftari.

Ukipata nambari ya kiongozi, andika ujumbe kwanza badala ya kupiga simu saa ya masomo. Mfano:

"Assalaam aleikum mwalimu, au habari za leo. Mimi ni mzazi wa Bombolulu. Nina binti wa miaka 8, gredi ya 3, angependa kujiunga na Sungura. Jumamosi alasiri ana nafasi. Naomba kujua mnakutana wapi na saa ngapi, na kama naweza kuja naye siku moja tuangalie kabla ya kuandikisha. Ahsante sana."

Ujumbe huo una kila anachohitaji kujua. Viongozi hawa wengi wanajitolea, na mara nyingi ni walimu wenye madaftari ya kusahihisha, kwa hiyo akikawia siku mbili si dharau.

Wakati bora wa kutafuta ni mwanzo wa muhula wa kwanza, Januari, vikosi vinapopanga mwaka. Muhula wa tatu ni mfupi na una mitihani. Unaweza kwenda kuangalia, lakini usishangae ukiambiwa usubiri.

Umefaulu ikiwa umealikwa siku na saa maalumu ya kwenda kutazama.

## Hatua ya 4: Nenda ukatazame mkutano mmoja mzima

Usimwache mtoto getini ukaondoka. Kaa mpaka mwisho, pembeni, kimya. Kiongozi akisema wazazi hawaruhusiwi kuangalia, shukuru na uende zako. Hilo halina mjadala.

Tazama mambo haya, na uyatazame kwa mpangilio wa uzito.

Watu wazima ni wangapi? Wasipungue wawili. Mmoja akiwa peke yake, mtoto akiumia atafanya nini: aende na majeruhi au abaki na waliosalia? Na kanuni ya usalama wa watoto katika uskauti duniani kote ni kwamba mtu mzima hakai faraghani na mtoto mmoja. Kwenda msalani, kubadilisha nguo, mazungumzo ya nidhamu: yote yafanyike panapoonekana au akiwapo mtu wa pili.

Mtoto akikosea anafanywaje? Utaliona bila kuuliza, kwani watoto ishirini hawapiti saa nzima bila kosa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi. Kuruka kichura juani hadi mtoto alie si uskauti wala si ukakamavu. Kiongozi mzuri humtoa mchezoni kidogo, humwambia neno, humrudisha.

Watoto wanafanya au wanasikiliza? Sungura hujifunza kwa mchezo. Ukiona nusu saa ya gwaride, kisha nusu saa ya mawaidha, kisha "nendeni nyumbani," hicho ni kikosi cha kuandalia sherehe za kitaifa. Gwaride lina mahali pake, lakini mtoto wa miaka 7 anapaswa kushika kamba, kukimbia, kuwasha fikra, kuchafuka kidogo.

Maji, kivuli, choo. Kuanzia Januari hadi Machi jua la Mombasa halina huruma hata saa kumi. Je, kuna mwembe au mkungu wa kukaa chini yake? Kuna maji safi? Choo kina mlango unaofungika?

Mwisho wa mkutano. Dakika hizi kumi zinasema mengi. Je, kiongozi anajua nani amekuja kumchukua nani, au watoto wanamwagika barabarani na kurukia bodaboda wenyewe?

Halafu zungumza na kiongozi. Muulize amepata mafunzo gani kutoka kwa chama, na kama ana cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi. Muulize kwa adabu, kama unavyomuuliza dereva wa basi la shule. Aliyezoea kazi hii haoni vibaya. Ukimwona na shanga mbili za mbao zilizotungwa kwenye uzi wa ngozi shingoni, hiyo ni alama ya kumaliza mafunzo ya uongozi yanayoitwa Wood Badge. Asiyekuwa nazo si lazima awe mbaya. Huenda bado anasoma. Uliza tu.

Mwisho kabisa muulize mtoto, mkiwa njiani, si mbele ya kiongozi: "Umependa nini? Ungependa kurudi?" Akisema hapana kwa sababu ya aibu, mrudishe mara moja tena. Akisema hapana kwa sababu ya mtu fulani, msikilize vizuri na usimlazimishe.

Umefaulu ikiwa umeona mkutano mzima na huna swali la usalama lililobaki bila jibu.

## Hatua ya 5: Jaza fomu bila kuficha maradhi

Fomu zenyewe ni rahisi. Tatizo ni sehemu ya afya, ambapo wazazi huandika "mzima" kwa kuogopa mtoto atabaguliwa au atazuiwa kucheza.

Andika pumu. Andika kifafa. Andika siko seli, ambayo hapa pwani si ugonjwa wa nadra. Mtoto mwenye siko seli anahitaji maji zaidi, kupumzika zaidi, na asikae na nguo mbichi kwenye upepo. Kiongozi anayejua atampangia hivyo na atacheza na wenzake. Asiyejua atamwambia aongeze mbio. Kama mtoto hula kitu kikamdhuru, samaki au karanga au chochote, kiandike kwa jina lake.

Kisha taja wanaoruhusiwa kumchukua, wawili au watatu, na useme wazi hakuna mwengine. Ikiwa fomu ina kipengele cha picha, amua kama unakubali picha za mtoto kuwekwa mitandaoni. Kikosi kikikosa kipengele hicho, andika msimamo wako chini ya karatasi.

Piga picha fomu iliyojazwa kabla ya kuirudisha.

## Hatua ya 6: Lipa mwisho, na uchukue risiti

Kuna ada ya usajili ya mwaka, na vikosi vingine huchanga kidogo kwa vifaa au chai. Uliza mambo matatu: kiasi gani, cha nini, na kinakwenda wapi. Pesa za M-Pesa ziende kwenye nambari ya shule au ya kikosi. Kikosi kidogo cha mtaa kikitumia simu ya mweka hazina, omba risiti ya karatasi yenye jina la mtoto.

Tahadhari moja: anayedai ulipie ada, sare na kambi kwa mpigo mmoja kabla mtoto hajahudhuria hata mara mbili, mwache na biashara yake.

Wiki chache baadaye muulize kiongozi kama jina la mtoto limekwisha kuingizwa kwenye usajili wa chama. Mtoto anaweza kuhudhuria mwaka mzima akiwa hayumo, na mkajua siku ya kambi pale jina linapokosekana.

## Hatua ya 7: Saidia wiki za mwanzo nyumbani

Mtoto mpya haapishwi siku ya kwanza. Atahudhuria kwa muda, ajifunze ahadi, kanuni, saluti ya vidole vitatu na mambo machache ya mikono. Nyumbani fanyeni haya, dakika kumi kwa siku, si zaidi.

Fundo la kuanzia. Shika ncha mbili za kamba. Pitisha ya kulia juu ya ya kushoto, uizungushe. Kisha ya kushoto juu ya ya kulia, uizungushe, uvute. Likiwa sahihi linalala bapa, na kila ncha fupi inatoka sambamba na kamba yake mwenyewe. Likikaa msalaba na kuteleza, amerudia upande ule ule mara mbili. Afungue aanze tena. Fundo hili ni la kufungia bandeji na vifurushi. Mwambie waziwazi kwamba halifai kuunganisha kamba za kupandia au za kubebea uzito, maana hufunguka.

Mchezo wa sinia. Panga vitu kumi juu ya sinia: kijiko, kitufe, limau, ufunguo na kadhalika. Mwache aangalie dakika moja, funika kwa kanga, aandike anavyokumbuka. Unajenga jicho la kuangalia, na bibi pia anaweza kucheza.

Nambari za kichwani. Nambari ya mzazi bila kutazama simu. Kisha 999 au 112 kwa dharura, 1199 ya Msalaba Mwekundu, na 116 ya msaada kwa watoto. Mfundishe na la kusema: jina langu, niko wapi, kimetokea nini.

Kujihudumia. Kufua soksi zake, kukunja nguo, kufunga kamba za viatu, kupakia begi mwenyewe. Mama akimpakia begi, kambini hatajua tochi iko wapi.

Jambo moja huwashtua wazazi wa hapa: maskauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Sisi tumelelewa kwamba kutoa kushoto ni utovu wa adabu, na mtoto akija akampa babu yake mkono ule kutakuwa na kesi. Mweleze mapema kuwa hiyo ni salamu ya skauti kwa skauti, ya duniani kote, na mlangoni kwetu mkono ni wa kulia. Watoto huelewa upesi kuliko wakubwa.

Ahadi ya skauti nayo hutaja wajibu kwa Mungu. Kila mtoto huisema kwa dini yake; hakuna anayebadilishwa imani. Ukiwa na shaka, omba maneno ya ahadi uyasome kabla ya siku yenyewe.

Umefaulu ikiwa mtoto anakumbusha siku ya mkutano kabla yako.

## Hatua ya 8: Sasa nunua sare

Subiri kiongozi aseme siku ya kuapishwa, kisha uliza vitu gani hasa, rangi gani ya skafu ya kikosi, na vinapatikana wapi kihalali. Skafu hutofautiana kikosi kwa kikosi. Ndiyo maana yule aliyenunua mwanzo hupata isiyo yake. Beji hazinunuliwi kabisa. Hupewa mtoto alipofanya kazi yake.

Nunua shati lenye nafasi ya kukulia. Kwa msichana anayevaa hijabu, uliza rangi inayokubaliwa na jinsi skafu inavyokaa juu yake. Vikosi vya hapa wamezoea, lakini ni vyema uwe umeelewana na kiongozi kabla ya gwaride. Ukikosa fedha, sema. Kuna mashati ya waliokua yanayosubiri mtu makabatini.

## Hatua ya 9: Matembezi ya kwanza

Kwa Sungura anza na safari ya asubuhi moja. Mombasa ina kwa kwenda: mibuyu ya Mama Ngina, mikoko ya Tudor, Haller Park ambayo zamani ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, na Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Kikosi kiondoke saa moja asubuhi, watoto wawe kivulini kabla ya saa tano.

Karatasi ya ruhusa iwe na mahali, saa ya kuondoka na kurudi, usafiri, chakula, na majina na simu za watu wazima. Karatasi isemayo "trip" na kiasi cha pesa pekee, irudishe ijazwe.

Ikiwa ni ufukweni, uliza swali moja: "Maji yanaanza kujaa saa ngapi?" Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya meta 3 huku kwetu. Watoto huvutwa na vidimbwi vya mwambani wakati wa kupwa, wanakwenda mbali, na bahari inarudi nyuma yao kupitia mkondo. Kiongozi asiyekuwa na jibu la swali hilo asipeleke watoto baharini siku hiyo. Kuoga kuwe mahali palipochaguliwa, kwa jozi, kila mtoto na mwenzake anayemwangalia, na mtu mzima anayejua kuogelea awe ndani ya maji, si mchangani na simu. Wavae malapa ya kufunga kwa ajili ya wale viumbe wa miiba mirefu myeusi. Msimu wa kusi bahari huchafuka. Panga matembezi ya nchi kavu.

Ikiwa mnavuka Likoni, watoto wahesabiwe kabla ya kuingia feri na baada ya kushuka, na wasikimbie kwenye mteremko.

Kulala nje kuje baadaye, usiku mmoja, akiwa amekwisha kulala kwa jamaa bila kulia. Mpakie chandarua, shuka au kikoi, tochi, nguo za kubadilisha, malapa, nguo ya kuswalia, na sabuni. Dawa zake mkabidhi kiongozi mkononi, zikiwa na maandishi ya kiasi na saa. Uliza chakula kinapikwa na nani na nyama inatoka wapi. Uliza pia wasichana wanalala wapi, na mtu mzima mwanamke ni nani. Jibu liwe jina.

Umefaulu ikiwa amerudi mchafu, amechoka, na kila kitu alichokwenda nacho kimerudi, au karibu kila kitu.

## Mtaa wenu ukiwa hauna kikosi kabisa

Hutokea, hasa kwa Sungura. Usianzishe "skauti" ya nyumbani kwa jina hilo. Kikosi lazima kisajiliwe na chama. Tafuta wazazi wenzako wenye watoto wa umri huo, pateni watu wazima wawili walio tayari kwenda mafunzo, na taasisi ya kuwabeba: shule, msikiti, kanisa au kituo cha jamii chenye uwanja na choo. Mwendeeni mwalimu mkuu au kamati mkiwa kundi, mkiwa na majina ya watoto kwenye karatasi. Baada ya hapo ndipo ofisi ya skauti ya kaunti inakuwa mlango sahihi, kwa sababu sasa mnaomba usajili na mafunzo ya viongozi, na hiyo ndiyo kazi yake.

Shida itakuwa kupata huyo mtu mzima wa pili. Wengi hukubali kwenye mazungumzo na hupotea Jumamosi ya kwanza. Mtafuteni kati ya walimu wastaafu, maskauti wa zamani na kina mama wa mtaa ambao tayari watoto huwakimbilia, na mpangieni zamu ya kila wiki mbili badala ya kila wiki.